Denge (mhusika wa riwaya)

Makala hii inahusu mhusika wa kubuni. Kwa riwaya yenyewe, angalia Vuta N'kuvute.

Denge ni mhusika wa kubuni katika riwaya ya Vuta N'kuvute ya mwandishi wa Zanzibar Adam Shafi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mjini Dar es Salaam mwaka 1999. Ni kijana wa Unguja aliyesoma Urusi wakati wa Umoja wa Kisovyeti, akarudi nyumbani katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza na kuingia katika harakati za siri za kudai uhuru. Anawindwa na polisi wa kikoloni, anakamatwa, anafungwa, anatoroka, na mwishowe anaikimbia nchi aliyokuwa akiipigania.

Riwaya hiyo ni kati ya vitabu teule vya fasihi ya Kiswahili katika kidato cha 5 na cha 6 nchini Tanzania. Kwa sababu hiyo Denge ni mmoja wa wazalendo wa kubuni wanaojulikana zaidi na vijana waliosoma Tanzania. Mwaka 2021 alionekana pia kwenye filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na Amil Shivji.

Mwandishi na chimbuko la mhusika

Adam Shafi, ambaye jina lake huandikwa pia Shafi Adam Shafi, alizaliwa Zanzibar mwaka 1940. Alipokuwa kijana alisafiri kwa nchi kavu kupitia Uganda, Sudan na Misri akitafuta masomo, na aliwahi kusoma Ujerumani Mashariki. Safari hizo alizisimulia baadaye katika kitabu cha kumbukumbu zake, Mbali na Nyumbani (2013). Kwa hiyo kijana wa Unguja anayevuka nchi hadi kambi ya kisoshalisti na kurudi na fikra mpya ni mtu ambaye mwandishi alimfahamu kwa karibu.

Kabla ya Denge, Shafi alikwisha waandika watu wa kawaida wanaosimama dhidi ya wakubwa. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) yumo Kijakazi, mtumishi wa shamba la bwana mwenye ardhi. Katika Kuli (1979) yumo Rashidi, mchukuzi wa bandarini, katika hadithi iliyojengwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa Unguja wa mwaka 1948. Denge ni tofauti na hao wawili kwa jambo moja: yeye ni msomi. Kijakazi na Rashidi wanaamshwa na maisha yao wenyewe. Denge anarudi akiwa amekwisha amka, na kazi yake ni kuamsha wengine.

Mwandishi huyo alionja kifungo yeye mwenyewe. Baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, alikuwa miongoni mwa watu waliotiwa ndani. Mambo hayo ndiyo msingi wa riwaya yake ya Haini (2003). Vuta N'kuvute iliandikwa baada ya mwandishi kuyapitia hayo, ingawa inasimulia enzi ya Mwingereza.

Mazingira ya hadithi

Hadithi inatokea hasa katika mji wa Unguja wa miaka ya 1950. Wakati huo mji ulikuwa na pande mbili. Upande wa magharibi ni Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, maduka ya Wahindi, ofisi za serikali na bandari. Upande wa pili wa hori iliyougawa mji ni Ng'ambo, yaani mitaa kama Jang'ombe, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Vikokotoni na Raha Leo. Nyumba nyingi za huko zilikuwa za miti na udongo, zenye paa la makuti au mabati. Wakaao humo walikuwa wachukuzi, mafundi, wapishi, wauza samaki, watumishi wa majumbani na wazao wa watumwa, pamoja na watu waliotoka bara, Ngazija na mashamba ya Unguja.

Ng'ambo ilikuwa na historia yake ya kukataa. Mwaka 1928 wakazi wake waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi. Miaka 20 baadaye mgomo ulioanzia bandarini ulienea hadi kusimamisha kazi za mji. Mwaka 1951 wanakijiji wa Kiembe Samaki walipambana na serikali kuhusu ardhi na ng'ombe, tukio linalojulikana kama Vita vya Ng'ombe.

Siasa za vyama zilifuata. Zanzibar Nationalist Party (ZNP), kilichojulikana kama Hizbu, kilianzishwa mwaka 1955, na Afro-Shirazi Party (ASP) mwaka 1957. Uchaguzi ukaanza kuwagawa watu kwa asili: Mwarabu, Mshirazi, Mwafrika, Mhindi. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Wakati huohuo vijana kadhaa wa Unguja na Pemba walipelekwa kusoma Misri, China, Kuba na Umoja wa Kisovyeti. Waliorudi waliangaliwa na serikali ya kikoloni kwa jicho la shaka. Mmoja wa wanasiasa wa mrengo huo, Abdulrahman Mohamed Babu, alifungwa mwaka 1962 kwa kosa la uchochezi, na baada ya kutoka akaunda chama cha Umma mwaka 1963.

Denge si picha ya mtu mmoja kati ya hao. Lakini msomaji aliyeijua Unguja ya wakati huo hapati taabu kumtambua.

Maisha katika riwaya

Kurudi kutoka masomoni

Denge anapoingia katika hadithi amekwisha rudi kutoka Urusi. Elimu hiyo ndiyo inayomtia katika orodha ya polisi. Kwa serikali, kijana aliyesoma Moscow au miji mingine ya huko hana haja ya kutenda kosa ili ashukiwe. Hati yake ya masomo inatosha.

Angeweza kutulia, kutafuta kazi ya kalamu na kuishi kwa amani. Badala yake anajiunga na wenzake, akiwamo Mambo, Huseni na Sukutua, katika kundi dogo linalofanya kazi kwa siri.

Harakati za siri

Kazi ya kundi hilo haina bunduki. Kubwa katika kazi zao ni kuingiza na kusambaza magazeti na maandishi yaliyopigwa marufuku, kukutana usiku, kuwaeleza watu kwa nini wanatawaliwa na kuwashawishi kwamba utawala huo unaweza kuondoka. Hatari yake, hata hivyo, ni kubwa. Karatasi moja ikikutwa nyumbani inaweza kumpeleka mtu gerezani.

Denge anaishi maisha ya kujificha na kuhamahama. Hana makao ya kuaminika, hana ratiba inayojulikana, na mara nyingi hata walio karibu naye hawajui ataonekana lini. Kinachomlinda ni watu: mlango unaofunguliwa usiku bila kuuliza, jirani anayesema hakumwona mtu, rafiki anayechukua mzigo na kuupeleka bila kuufungua.

Yasmin

Mhusika mkuu mwingine wa riwaya ni Yasmin, msichana wa Kihindi anayeozwa akiwa na umri wa miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyekwisha pita miaka 50. Yasmin hampendi mumewe. Raza anapohamia Mombasa pamoja naye, Yasmin anatoroka na kurudi Unguja. Huko watu wake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, rafiki yake Mswahili, katika nyumba yake ya Ng'ambo. Hapo Yasmin anajifunza maisha mengine kabisa: kupika na kula na majirani, ngoma, taarab, na kujitegemea bila mume.

Ni katika maisha hayo mapya ndipo anapokutana na Denge. Mapenzi yao yanavunja miiko miwili kwa pamoja. Kwa jamii ya Yasmin, binti wa Kihindi kuwa na kijana Mwafrika ni aibu isiyosemeka. Kwa serikali, ni nafasi. Polisi wanajaribu kumtumia Yasmin ili wamnase Denge, wakiamini kwamba mwanamke aliyefukuzwa na watu wake hatakuwa na sababu ya kukataa. Yasmin hamsaliti.

Kukamatwa, kutoroka na kuondoka

Baada ya kuwindwa kwa muda mrefu Denge anakamatwa na kufungwa. Kifungo hakimvunji. Kwa msaada wa wenzake anatoroka, na kwa kuwa sasa hawezi tena kuonekana mjini, anaondoka nchini. Yasmin anabaki. Mwishowe anaolewa na Bukheti, kijana anayempenda kwa dhati, katika ndoa ambayo safari hii ameichagua mwenyewe.

Riwaya haimwonyeshi Denge akishika cheo chochote katika nchi huru. Msomaji anamwacha akiwa mbali na kwao.

Wahusika wanaomzunguka

Yasmin: mpenzi wake. Mapambano yake dhidi ya ndoa ya kulazimishwa na ubaguzi wa jamii yake yanakwenda sambamba na mapambano ya Denge dhidi ya ukoloni.

Mwajuma: mwanamke wa Ng'ambo anayependa starehe na taarab, na ambaye nyumba yake ni kimbilio la Yasmin. Hajisemi kuwa mwanasiasa, lakini bila watu kama yeye harakati zisingekuwa na pa kujificha.

Mambo, Huseni na Sukutua: wenzake katika harakati.

Inspekta Wright: afisa wa polisi Mwingereza anayesimamia upelelezi dhidi ya Denge. Kwake kumkamata Denge ni jambo la kazi na pia la heshima yake binafsi.

Koplo Matata: askari Mwafrika anayemtumikia Wright. Anawakilisha mwananchi anayewinda wananchi wenzake kwa ajili ya mshahara na sifa ya bwana.

Bwana Raza: mume wa kwanza wa Yasmin. Hapambani na Denge ana kwa ana, ila anasimama upande wa mpangilio wa zamani ambao Denge na Yasmin wanaukataa.

Jina la riwaya linaelezea mahusiano haya yote. Vuta n'kuvute ni mvutano wa pande mbili zinazoshika kamba moja: serikali na wanaharakati, wazee na vijana, mila na mapenzi. Denge yuko katikati ya mivutano hiyo, na wakati mwingine ndiye kamba yenyewe.

Namna ya ushujaa wake

Fasihi ya pwani ya Afrika Mashariki ina shujaa mwenye nguvu za ajabu tangu zamani, naye ni Fumo Liyongo. Kwa masimulizi ya kale, silaha haikumpenya mwilini, na aliuawa tu kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, siri iliyotolewa na mtu wa damu yake. Marekani nayo ilimbuni Captain America, aliyeanza kuonekana katika vitabu vya katuni vya Joe Simon na Jack Kirby wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huyo ni askari dhaifu anayepewa dawa ya kumtia nguvu na kuvaa rangi za bendera ya nchi yake.

Denge hana dawa, hirizi wala sare. Hana hata bendera ya kuvaa, kwa sababu nchi anayoipigania bado haijapata ya kwake. Mtu wa kumwangalia mtaani hamtofautishi na vijana wengine. Anachokuwa nacho ni elimu, ulimi, uvumilivu wa mateso na uwezo wa kunyamaza anapoulizwa. Liyongo aliangushwa na siri iliyotolewa na mtu wa karibu. Denge anapona kwa sababu wa karibu wake wanakataa kuitoa.

Katika riwaya za Zanzibar anaweza kulinganishwa pia na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kujulikana kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa, mvuta kiko mwenye akili kali, anatumia mantiki kufichua wauaji na kuondoa hofu ya mizimu na uchawi. Wote wawili wanaamini kwamba mtu akieleweshwa ataacha kuogopa. Tofauti ni kwamba Bwana Msa hufanya kazi bega kwa bega na polisi, hali Denge ndiye anayetafutwa nao. Kati ya mpelelezi wa mwaka 1960 na mpelelezwa wa mwaka 1999, sheria yenyewe imekwisha wekwa kizimbani.

Uzalendo na swali la asili

Uzalendo wa Denge hauulizi mtu ametoka wapi. Wakati vyama vya siasa vilipokuwa vikihesabu wafuasi kwa kabila na rangi, yeye anampenda binti wa Kihindi na anamhesabu kuwa mwananchi mwenzake. Adui wake ni utawala, na mtu yeyote anayeutumikia, awe Mwingereza kama Wright au Mwafrika kama Matata.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa msomaji anayejua kilichofuata. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakaiondoa serikali ya Sultani. Silaha zilitekwa katika vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, na redio iliyokuwa Raha Leo ndiyo iliyotangaza mabadiliko. Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na maelfu ya Waarabu na Wahindi wakaondoka visiwani. Nchi ambayo Denge anaiota, yenye nafasi ya Yasmin na ya Mwajuma chini ya paa moja, haikuwa ndiyo iliyopatikana moja kwa moja. Riwaya haisemi hayo waziwazi. Inamwonyesha tu kijana mmoja na nyumba moja ya Ng'ambo ambamo jambo hilo liliwezekana kwa muda.

Je, aliyeondoka ni shujaa?

Katika uchambuzi wa mhusika huyu linajitokeza swali la namna ya kumhukumu kwa kumwacha Yasmin. Upande mmoja unaweza kusema kwamba anayedai kuipenda nchi na kushindwa kumtunza mmoja aliyeteseka kwa ajili yake ana upungufu. Yasmin alikwisha poteza wazazi, jamaa na heshima yake katika jamii, na polisi walimsumbua kwa sababu ya Denge. Gharama ya ushujaa huo ilimwangukia mwanamke.

Upande wa pili unajibu kwamba Denge hakuwa na uchaguzi. Angebaki angerudishwa gerezani, na Yasmin pamoja na marafiki wake wangekamatwa naye. Tena tangu mwanzo hakumficha kwamba maisha yake si yake peke yake.

Muundo wa riwaya unaelekea kukubali hoja zote mbili. Denge anapata heshima ya mtu asiyeuza wenzake, lakini hapati nyumba, mke wala nchi. Yasmin, ambaye hakuitwa shujaa na mtu yeyote, ndiye anayemaliza hadithi akiwa ameshinda vita vyake: amekataa mume aliyechaguliwa, amekataa kuwa mtego wa polisi, na amechagua pa kuishi na wa kuishi naye.

Katika filamu

Filamu ya Vuta N'kuvute ilitengenezwa na kampuni ya Kijiweni Productions. Iliongozwa na Amil Shivji, ambaye aliandika mswada pamoja na mwongozaji wa Afrika Kusini Jenna Bass. Denge aliigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika, na Yasmin aliigizwa na Ikhlas Gafur Vora. Lugha yake kuu ni Kiswahili.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada, mwezi Septemba 2021. Baadaye Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa kwa tuzo za mwaka 2023. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kupeleka filamu tangu Maangamizi mwaka 2001.

Mabadiliko makubwa yanahusu mwanzo wa mapenzi. Katika riwaya Denge na Yasmin wanajuana baada ya Yasmin kuikimbia ndoa yake. Katika filamu wanaonana usiku, Yasmin akiwa njiani kwenda kuolewa. Kwa hiyo kwenye filamu Denge yumo katika maisha ya Yasmin kabla hajafanya uamuzi wowote, hali kitabuni Yasmin alikwisha jikomboa mwenyewe kabla ya kumjua. Anayemfahamu Denge kwa filamu tu anaweza kudhani yeye ndiye aliyemfungulia mlango. Kitabuni mlango ulifunguliwa na Mwajuma.

Tazama pia

Adam Shafi
Vuta N'kuvute
Kuli (riwaya)
Bwana Msa
Fumo Liyongo
Jang'ombe
Ng'ambo, Unguja
Mapinduzi ya Zanzibar